Je, nadharia ya sayansi nayo si imani tu?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nasoma biolojia, mwaka wa kwanza chuoni. Mjomba wangu, ambaye ndiye anayenilipia ada na ninamheshimu sana, ameniambia kwamba mageuko ya viumbe, ile nadharia ya Charles Darwin kwamba viumbe vya leo vimetokana na mababu wa pamoja waliobadilika kidogokidogo, ni imani kama imani nyingine. Anasema: 'Wewe hukuwepo, Darwin mwenyewe hakuwepo. Mmeambiwa, mkaamini. Sisi nasi tumeambiwa, tukaamini. Tofauti iko wapi? Na wenyewe wanaiita nadharia, hawaiiti ukweli.' Nilikosa jibu. Je, ana hoja? Na nikiikubali nadharia hii, nitakuwa nimeacha dini yangu?"

Marahaba, mwanangu. Mjomba wako ana hoja, tena si ndogo. Wapo wanasayansi wanaoipuuza kwa kicheko, na nadhani wanakosea, kwa sababu ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho wake utaielewa sayansi vizuri zaidi kuliko ungeielewa kwa kukariri vitabu vyako.

Tuanze na neno lenyewe, maana sehemu ya ugomvi imo humo. Katika mazungumzo ya kila siku tukisema "hiyo ni nadharia tu", tunamaanisha jambo lililo kichwani au kwenye karatasi, ambalo halijafika kwenye vitendo. Mtu kafaulu nadharia ya udereva, lakini usukani hajaushika. Mwanasayansi halitumii neno hivyo. Wazo ambalo bado halijapimwa analiita nadharia tete. Nadharia kwake ni maelezo mapana yanayofunga pamoja mambo mengi yaliyokwisha kuonekana, yakasema kwa nini yako hivyo, na yakasema pia ni nini kingine kitakachoonekana. Kwamba maradhi mengi huletwa na vijidudu ni nadharia. Kwamba kila kitu unachokigusa kimeundwa kwa atomu ni nadharia. Hazingoji kupandishwa cheo ziwe ukweli au sheria, kwani sheria ya sayansi hueleza tu nini hutokea, mara nyingi kwa fomula fupi, na nadharia ndiyo inayoeleza kwa nini hutokea. Kwa hiyo lile neno "nadharia" lisikutie unyonge.

Hilo lilikuwa dogo. Lile la "hukuwepo, umeambiwa" linataka tukae kitako, na kabla ya kuligusa nataka nikusimulie habari ya mtu mmoja aliyepatia, kisha akakosea, kwa njia ileile.

Mwaka 1781 William Herschel aligundua sayari ya Uranusi. Miaka ilivyokwenda, wanaastronomia wakabaini kwamba sayari hiyo haifuati ratiba. Ukikokotoa mwendo wake kwa nadharia ya mvutano ya Newton, ilitakiwa iwe hapa, lakini ukichungulia kwa darubini unaikuta pembeni kidogo. Mfaransa Urbain Le Verrier hakusema kwamba Newton kakosea. Alisema kuna sayari nyingine huko nje, ambayo hakuna anayeijua, na hiyo ndiyo inayoivuta Uranusi. Kisha akakokotoa mahali ilipo, akamwandikia Johann Galle kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Berlin, akamwambia aielekeze wapi darubini yake. Barua ilifika tarehe 23 Septemba 1846. Usiku uleule Galle akakaa kwenye darubini akitaja nyota mojamoja, na mwanafunzi aliyeitwa Heinrich d'Arrest akizitafuta kwenye ramani ya anga. Hii ipo. Hii ipo. Hii pia ipo. Mpaka ikatajwa moja ambayo kwenye ramani haikuwepo. Ilikuwa Neptuni, na umbali wake kutoka pale alipopataja Le Verrier haukufika hata digrii 1.

Wengi huishia hapo, wakashangilia. Mimi nusu ya pili ndiyo inayonifundisha zaidi. Sayari ya Utaridi, iliyo karibu kuliko zote na Jua, nayo ilikuwa na kasoro yake. Ile nukta ya njia yake iliyo jirani zaidi na Jua husogea kidogokidogo, na ilikuwa ikisogea kuliko hesabu za Newton zilivyoruhusu. Mwaka 1859 Le Verrier akaitangaza kasoro hiyo, akapendekeza dawa ileile iliyomponya mara ya kwanza: kuna sayari nyingine, imejificha karibu na Jua. Ikapewa hata jina, Vulcan. Daktari mmoja akasema ameona kidoa cheusi kikipita mbele ya Jua. Watu wakaitafuta kila Jua lilipopatwa, miaka nenda miaka rudi, na haikuonekana. Le Verrier alifariki tarehe 23 Septemba 1877, miaka 31 kamili tangu usiku ule wa Neptuni, akiwa bado ana hakika kwamba Vulcan ipo. Mwezi Novemba 1915 Albert Einstein aliikokotoa njia ya Utaridi kwa nadharia yake mpya ya mvutano, na ile ziada ikajitokeza yenyewe kwenye hesabu, sekunde 43 za pembe kwa kila miaka 100, bila kuongeza sayari yoyote. Digrii 1 ina sekunde za pembe 3,600, kwa hiyo unaona jinsi kosa lililomwangusha Newton lilivyokuwa dogo.

Sasa jiulize. Le Verrier wa 1846 na Le Verrier wa 1859 wanatofautianaje? Akili ni ileile, hakika ileile, hata hoja ni ileile. Kilichotofautiana ni jibu la anga. Na anga liliweza kujibu kwa sababu mara zote mbili aliiweka kauli yake rehani: alisema elekeza darubini pale, na kisipoonekana kitu, nimekosa. Hiyo rehani ndiyo ninayotaka uishike, mwanangu. Nadharia ya sayansi hutaja mapema kitakachoiangusha.

Utasikia ikisemwa kwa ufupi kwamba sayansi ni ile inayoweza kukanushwa. Ni fikra ya mwanafalsafa Karl Popper, aliyeiandika mwaka 1934, na kwa sehemu kubwa naikubali. Ila ukiishika kwa ukavu, Newton angetakiwa kutupwa siku ile Uranusi ilipopotea njia, na tungeikosa Neptuni. Watu wenye akili hawaitupi nadharia nzuri kwa kasoro moja. Huweza kuitia kiraka. Basi kikague kiraka chenyewe: nacho kimewekwa rehani, au hakikuwekwa? Kiraka cha Neptuni kiliwekwa. Kama mtu angesema, "Vulcan ipo, ila haionekani kwa jicho wala kwa chombo, leo wala kesho, na wala haivuti chochote," usingeweza kumwambia kakosea. Lakini usingeweza pia kumwambia kapatia. Amejitoa uwanjani.

Turudi kwa mjomba na mageuko. Anasema hakuna aliyekuwepo, na ni kweli. Lakini mambo yaliyopita huacha alama, na nadharia inaweza kuweka rehani juu ya alama ambayo bado haijatafutwa. Nitachukua mfano mmoja tu, kwa kuwa u mwanafunzi wa biolojia.

Kwa zaidi ya miaka 30 vitabu vilifundisha kwamba seli ya binadamu ina kromosomu 48, yaani nyuzi 48 za DNA zinazobeba jeni, maelekezo ya urithi. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan, waliokuwa wakifanya kazi Uswidi, walitangaza kwamba wamehesabu kwa mbinu bora zaidi na kupata 46. Vitabu vikasahihishwa. (Kumbuka, aliyesahihisha hapa hakuwa adui wa sayansi. Ni wanasayansi wenyewe, juu ya jambo ambalo kila mtu alikuwa akilijua.) Lakini sokwe, gorila na orangutani wana 48, yaani jozi 24, na sisi tuna jozi 23. Kama kweli tuna babu mmoja nao, jozi ile moja imekwenda wapi? Haiwezi kuwa imedondoka tu, kwa sababu kromosomu nzima hubeba mamia ya jeni, na kiumbe asiye nazo haishi. Nadharia ikabaki na njia moja nyembamba: kromosomu mbili za zamani ziliungana zikawa moja.

Na zikiwa ziliungana, lazima kovu liwepo. Ncha za kromosomu zina alama yake, ziitwazo telomea. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo ni herufi sita za DNA, TTAGGG, zinazojirudia mara nyingi mno. Mahali pake ni mwishoni, kama pindo la nguo. Ukishona nguo mbili pindo kwa pindo, mapindo yote mawili yatakuwa katikati, yakielekeana. Basi kwenye mojawapo ya kromosomu zetu tunapaswa kukuta telomea katikati, zimegongana uso kwa uso. Tena kila kromosomu ina kiuno chake, sentromea, kwa hiyo iliyotokana na mbili inapaswa kuwa na mabaki ya kiuno cha pili.

Mwaka 1991 watafiti walikuta kwenye kromosomu namba 2 ya binadamu mfuatano huo wa telomea, katikati, ukielekea upande mmoja kisha ukigeuka kuelekea mwingine. Mabaki ya sentromea ya pili yapo. Na mpangilio wa jeni kwenye kromosomu hiyo unalingana na kromosomu mbili tofauti za sokwe zikiwekwa ncha kwa ncha. Alama hii peke yake isingetosha kubeba nadharia nzima, na wala haibebi peke yake. Lakini tazama ilivyopatikana. Nadharia ya Darwin ya 1859 ilibanwa ukutani na hesabu ya 1956, ikalazimika kusema "kovu lipo", na kama kovu lisingekuwepo ingekuwa katika hali mbaya sana. Hakuna aliyehitaji kuwepo siku kromosomu zilipoungana.

Najua utasema: lakini mwalimu, hata hayo umeniambia wewe. Telomea sijaiona. Naam. Mimi pia sijaisoma kwa mkono wangu. Hapa ndipo hoja ya mjomba ilipo na nguvu, na nitakuwa mkweli kwako: karibu yote ninayoyajua katika sayansi nimeyapokea kwa watu wengine. Hakuna aliyejionea yote. Hata mwanafizikia anayepima chembe kwenye mtambo mkubwa ameuamini uhandisi wa mtu mwingine na hesabu za mtu wa tatu.

Ila kuna njia ya kurudi nyuma, na iko wazi. Naomba uitazame kwa mfano wa atomu, ambazo hakuna jicho lililokuwa limeziona. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Wilhelm Ostwald, mmoja wa wanakemia wakubwa wa wakati wake, alizikataa hadharani. Kwake atomu ilikuwa njia rahisi ya kufanya hesabu, na kudai kwamba ipo kweli ilikuwa ni kuvuka mpaka. Mwaka 1905 Einstein alionyesha kwamba kama maji yameundwa kwa chembe zinazohangaika, vumbi laini lililomo majini litatikisika kwa kiasi kinachoweza kupimwa. Jean Perrin, huko Ufaransa, akalipima. Akakaa na hadubini akifuatilia punje ndogo za utomvu, akipata humo idadi ya chembe zilizomo katika kiasi fulani cha kitu. Idadi hiyo ilikuja kupatikana kwa njia zaidi ya kumi zisizohusiana, hadi ya kutazama ubuluu wa anga na ya kupima mnunurisho, zote zikiangukia karibu na namba ileile. Mwaka 1909 Ostwald aliandika wazi katika kitabu chake cha kemia kwamba sasa anakubali.

Fikiri uzito wa hilo. Mpinzani mkubwa, mwenye jina la kulinda, anaongozwa na vipimo vya watu wasio wafuasi wake wala marafiki zake, anageuka mbele ya wote. Ninapoziamini atomu, simwamini Perrin kwa kuwa ni Perrin. Naamini kwamba njia aliyoipita bado ipo, kwamba wengi wamekwisha kuipita, baadhi yao wakitamani sana kumkuta amekosea, na kwamba wewe ukitaka kuipita huhitaji ruhusa yangu wala ya mtu yeyote.

Usidhani kwa hayo kwamba wanasayansi ni watu wasiopenda mawazo yao. Wanayapenda mno. Mwaka 1903 René Blondlot, profesa aliyeheshimika wa mji wa Nancy, alitangaza mionzi mipya, mionzi ya N, na wenzake wengi wakasema nao wameiona. Mwaka 1904 Mmarekani Robert Wood alimtembelea maabara. Chumba kilikuwa giza. Blondlot alikuwa akiitenganisha mionzi kwa prisma ya alumini na kusoma mahali kila mmoja ulipoangukia. Gizani humo Wood akanyoosha mkono, akaiondoa prisma, akanyamaza. Blondlot akaendelea kusoma vipimo vilevile. Sina shaka kwamba alikuwa mkweli, na kwamba kweli alikuwa akiona. Imani ya mtafiti hujaza macho yake. Ndiyo maana kazi haikuachwa mikononi mwa wema wa mtu mmoja: lazima awepo mwingine wa kuiondoa prisma. Wood alichapisha alichokifanya, na mionzi ya N ikatoweka kwenye majarida.

Sasa imani. Nasikitika kuona ikielezwa na baadhi yetu kana kwamba ni nadharia dhaifu, nadharia iliyokosa ushahidi. Lugha yetu yenyewe inatuambia vinginevyo, ukiisikiliza. Neno "imani" limetoka shina moja na amani, amana na uaminifu. Kwa Kiswahili mtu akilemewa husema "nionee imani", na hapo hazungumzii ushahidi wa kitu chochote, anaomba huruma. Tena tazama kitenzi: kuna "naamini kwamba", na kuna "namwamini". Cha kwanza kina kauli ndani yake, kauli inayoweza kuwa kweli au uongo. Cha pili kina mtu. Ukisema unamwamini mama yako, hujatoa ubashiri unaongoja kupimwa. Umesema jinsi unavyosimama mbele yake. Na mtu ambaye kila asubuhi angebuni jaribio jipya la kuhakiki upendo wa mama yake, tungesema ameharibu kitu, wala tusingemsifu kwa uangalifu.

Dini, kwa jinsi ninavyoielewa, imejengwa zaidi juu ya "namwamini". Ndani yake mna ibada, mna ahadi, mna namna ya kuzika wafu na kuvumilia msiba, mna maswali ya nini kinanipasa. Muumini ambaye amepatwa na msiba akabaki na Mungu wake hajafanya kosa la Le Verrier. Uthabiti wake ndio uzuri wa imani yake. Kwa mwanasayansi, kuishikilia Vulcan baada ya miaka ya kuikosa ni ila. Sifa ya huku ni aibu ya kule, na nadhani hapo ndipo jibu la mjomba lilipo: mnafanya vitu viwili, na kila kimoja kina uaminifu wake.

Sitakuficha kwamba vitu hivyo hugongana mara nyingine. Mtu akisema kwa jina la dini kwamba dunia ina miaka elfu kadhaa, ametoa kauli ya "naamini kwamba", na kauli hiyo itapimwa kama nyingine zote. Vipimo vya miamba na vimondo vinatoa takriban miaka bilioni 4.5, na heshima yangu kwa msemaji haiwezi kuibadili namba. Vivyo hivyo mwanasayansi akisimama kusema sayansi imethibitisha kwamba hakuna Mungu, muulize ni jaribio gani alilifanya, na ni matokeo gani yangemfanya aseme kinyume. Hatakuwa na jibu, kwa kuwa ametoka kwenye kazi yake bila kuaga.

Uliniuliza kama kuikubali nadharia ni kuiacha dini. Kwamba dini yako inasomaje maandiko yake ni jambo la kuzungumza na viongozi wako, na sitajivika kilemba hicho. Ninachoweza kukuonyesha ni watu. Abdus Salam wa Pakistan alikuwa Mwislamu wa kusali. Steven Weinberg wa Marekani hakuamini kuwapo kwa Mungu, na alilisema wazi. Kila mmoja kwa upande wake, mwaka 1967 na 1968, waliandika nadharia moja inayounganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu dhaifu ya nyuklia, na mwaka 1979 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Sheldon Glashow. Chembe ambazo nadharia ilidai zipo, W na Z, zilipatikana mwaka 1983 kwenye mitambo ya CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe. Ukizisoma hesabu zao huwezi kujua ipi imeandikwa na anayesali.

Na yupo Georges Lemaître, ambaye huwa namkumbuka kila ninapoulizwa swali hili. Alikuwa Mbelgiji, padri wa Kikatoliki. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akaenda mbali zaidi, akasema ulikuwa na mwanzo, vyote vikiwa vimebanana pamoja. Baadhi ya wenzake waliitilia shaka kwa sababu tu ilinuka padri. Mwaka 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba akiona katika fizikia hiyo ushuhuda wa uumbaji. Ungetarajia Lemaître afurahi. Hakufurahi. Alisisitiza kwamba nadharia yake iko nje ya swali la dini, na kwamba asiyeamini yuko huru kabisa kuikubali. Aliijua rehani aliyoweka. Nadharia ambayo kesho inaweza kuangushwa na darubini, hakutaka imani ya mtu isimamishwe juu yake.

Alikuwa pia na kosa lake. Alidhani alama iliyobaki ya mwanzo ule ni miale ya anga, ile inayotupiga kutoka pande zote za mbingu, akaifanyia kazi miaka mingi, na haikuwa hiyo. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson, huko Marekani, walitangaza mvumo hafifu wa mawimbi ya redio ambao haukutoka kwenye antena yao wala kwenye kinyesi cha njiwa walichokifuta ndani yake. Ulitoka kila upande wa anga sawasawa, joto la digrii 3 hivi juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa, mabaki ya mwanzo wenye moto. Lemaître alikuwa mzee na mgonjwa. Mtu wake wa karibu alimpelekea habari hizo kitandani, na mwezi Juni 1966 akafariki akiwa amekwisha kuzisikia.